Namna ya Kupima Gesi ya Radoni Ndani ya Nyumba za Mjini

Radoni haina rangi, haina harufu na haina ladha, na mtu anayeishi ndani ya nyumba yenye kiwango kikubwa cha gesi hiyo haumwi kichwa, hakohoi wala hawashwi macho kwa sababu yake. Hakuna dalili ya mwili inayoweza kumtahadharisha, na ramani za kijiolojia, ingawa zinasaidia kuonyesha maeneo yenye uwezekano mkubwa, hazisemi lolote la uhakika kuhusu nyumba moja mahususi. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi yuleyule kwa mchoro uleule, zikitenganishwa na ukuta tu, zinaweza kutofautiana sana kwa sababu moja ina ufa chini ya sakafu na nyingine haina. Ndiyo maana njia ya kujua ni moja, nayo ni kupima. Kipimo chenyewe si kigumu. Kinachohitajika zaidi ni subira na uangalifu mdogo katika mambo ambayo watu wengi huyapuuza.

Gesi hii hutokana na urani, ambayo imo kwa kiasi kidogo karibu katika kila udongo na kila mwamba. Urani hugeuka hatua kwa hatua hadi kuwa radiamu, na radiamu hugeuka kuwa radoni. Madini yaliyotangulia katika mnyororo huo hubaki yamenaswa ndani ya mwamba, lakini radoni, kwa kuwa ni gesi isiyoungana kwa urahisi na kitu kingine, hupenya katika vinyweleo vya udongo na kupanda juu. Nusu yake huoza kila baada ya siku 3.8, muda unaotosha kabisa kuifikisha kutoka ardhini hadi chumbani. Ikishaoza huzaa chembechembe za poloniamu, risasi na bismuthi, ambazo hunata kwenye vumbi, huvutwa pamoja na hewa na kutua ndani ya mapafu, ambako poloniamu hutoa mionzi ya alfa inayoharibu chembe hai zilizo karibu nayo. Kwa hiyo madhara makubwa huletwa na hao wazao wa radoni kuliko radoni yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa huingia na kutoka pamoja na pumzi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka radoni mwaka 1988 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya tumbaku. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za nchi mbalimbali za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takribani asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 (kipimo cha kuoza kwa atomu, kitakachoelezwa hapa chini) katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa miaka mingi. Asilimia hiyo huwaangukia wavutaji wa sigara kwa uzito zaidi, kwa kuwa hatari yao ya msingi tayari ni kubwa mara nyingi kuliko ya wasiovuta. Maneno ya kukumbuka hapo ni wastani wa miaka mingi, kwa sababu ndicho kitu tunachojaribu kukikadiria tunapopima, na karibu kila kosa la upimaji hutokana na kukisahau.

Dunia ilianza kuzingatia radoni ya majumbani kwa uzito baada ya kisa cha mhandisi Stanley Watras, huko Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 1984. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nyuklia kilichokuwa bado kinajengwa, na mitambo ya kukagua mionzi ikawa inalia kila anapopita. Ilipochunguzwa ilibainika kwamba mionzi ilikuwa ikitoka nyumbani kwake kwenye nguo zake, na kiwango cha radoni katika nyumba hiyo kilikadiriwa kuwa karibu bekereli 100,000 kwa mita ya ujazo. Ni kiwango cha nadra mno, lakini kilionyesha kwamba familia inaweza kuishi katika hali kama hiyo bila kujua lolote.

Kuelewa tarakimu

Bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde. Kiwango cha radoni huelezwa kwa idadi ya bekereli katika mita moja ya ujazo ya hewa. Vifaa vingine, hasa vya Marekani, hutumia pikokyuri kwa lita, na ili kupata bekereli unazidisha tarakimu hiyo kwa 37, hivyo pikokyuri 4 kwa lita ni sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Hakikisha umesoma kipimo kinachoonyeshwa kwenye kioo cha kifaa kabla ya kufurahi au kushtuka, kwa maana 4 na 148 zinaweza kuwa habari moja.

Nje, mahali penye hewa huru, radoni huwa kwa kawaida kati ya bekereli 5 na 15. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kwamba kiwango cha rejea cha majumbani kiwe bekereli 100, na pale ambapo hali ya nchi hairuhusu, kisizidi 300. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa juu wa 300 kwa nchi wanachama wake, Uingereza na Kanada hutumia 200 kama kiwango cha kuchukua hatua, na Marekani hutumia hiyo 148. Tofauti hizi zisimchanganye msomaji. Hakuna mpaka ambao chini yake gesi hii ni salama kabisa na juu yake ni sumu ghafla. Kila nchi imechagua mahali ambapo gharama ya kurekebisha nyumba inaonekana kustahili. Kwa maoni yangu, anayeweza kuifikisha nyumba yake chini ya 100 bila shida asiridhike na 190 kwa sababu tu sheria ya mahali fulani inamruhusu.

Kwa nini mjini pia

Wakazi wengi wa mijini hudhani kwamba tatizo hili ni la nyumba za mashambani zenye visima na vyumba vya chini ya ardhi. Dhana hiyo si sahihi. Ardhi iliyo chini ya jengo la mjini ni ardhi kama nyingine, na msingi wa jengo hilo umetobolewa kwa mabomba ya maji safi, mabomba ya maji taka, mirija ya nyaya za umeme na shimo la lifti. Kila tundu lisilozibwa vizuri ni njia. Hewa yenye joto ndani ya jengo hupanda na kutokea juu, na kwa kufanya hivyo hupunguza mgandamizo wa hewa katika sehemu za chini kwa paskali chache tu, lakini paskali hizo chache zinatosha kuifyonza hewa ya udongoni kupitia nyufa. Feni ya kutoa hewa ya jikoni au bafuni hufanya kazi ileile ya kufyonza. Kufungua madirisha ya juu peke yake nako kunaweza kuongeza ufyonzaji badala ya kuupunguza, jambo ambalo wengi hulishangaa.

Mtu anayeishi kwenye ghorofa za juu kwa kawaida yuko katika hali nzuri zaidi, kwa kuwa amekaa mbali na udongo. Hata hivyo hawezi kujitoa kabisa. Hewa hupanda kupitia mashimo ya lifti na mikondo ya mabomba, na vifaa vya ujenzi vyenyewe vinaweza kutoa radoni. Mfano unaojulikana zaidi ni zege nyepesi iliyotengenezwa kwa mwamba wa alumu nchini Uswidi kati ya mwaka 1929 na 1975, iliyokuwa na urani nyingi kiasi kwamba kuta zenyewe zikawa chanzo cha gesi. Aidha, madirisha mapya yasiyopitisha hewa, yanayowekwa ili kupunguza matumizi ya nishati, huzuia hewa safi kuingia na huweza kupandisha kiwango katika nyumba ambayo zamani haikuwa na tatizo.

Kwa hiyo, ukiwa na uwezo wa kupima nyumba chache tu katika jengo la ghorofa, anza na zile zinazogusana na ardhi au zilizo juu ya chumba cha chini kilichofungwa, kisha zile za ghorofa mbili zinazofuata. Huwezi kutumia jibu la jirani yako wa mlango wa pili kama jibu lako.

Wengine husema kwamba radoni, kwa kuwa ni nzito takribani mara 8 kuliko hewa, hutuama chini kama maji, hivyo mtu anayelala kitanda kirefu yuko salama. Lakini ndani ya chumba gesi hii imo kwa kiasi kidogo mno kilichochanganyika na hewa, na mwendo wa kawaida wa hewa huisambaza chumba kizima. Vyumba vya chini huwa na radoni nyingi kwa sababu viko karibu na chanzo.

Kuchagua kifaa

Kuna aina kuu tatu ambazo mkazi wa kawaida atakutana nazo. Ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka jibu la kutegemewa, ni kigunduzi cha nyayo za alfa. Ni kikopo kidogo cha plastiki, hakihitaji umeme wala betri, na ndani yake mna kipande cha plastiki maalumu. Radoni huingia kikoponi kupitia uwazi mwembamba unaozuia vumbi, na kila chembe ya alfa inayogonga kile kipande huacha jeraha dogo lisiloonekana kwa macho. Baada ya miezi mitatu hadi mwaka mmoja unakirudisha maabara, ambako kipande huchovywa katika sodiamu haidroksaidi ya moto ili majeraha yapanuke, kisha nyayo huhesabiwa kwa hadubini. Kifaa hiki ni cha bei nafuu na kinajumlisha usiku na mchana, mvua na jua, siku za madirisha wazi na siku za madirisha yaliyofungwa.

Ya pili ni kikopo cha mkaa amilifu. Mkaa hunasa radoni kwa siku mbili hadi saba, kisha kikopo hufungwa na kupelekwa maabara. Hapa kuna jambo ambalo halisamehi uzembe: radoni iliyonaswa inaendelea kuoza, na baada ya siku 3.8 nusu yake imekwisha, baada ya siku 7.6 imebaki robo. Kikopo kilichosahauliwa mezani kwa wiki mbili hakina tena habari ya maana. Unyevu mwingi nao huharibu kipimo. Mkaa unafaa unapohitaji dokezo la haraka, kwa mfano kabla ya kununua nyumba, lakini haupaswi kuwa neno la mwisho.

Ya tatu ni kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha tarakimu papo hapo. Hiki kinapendwa sana na kinaeleweka vibaya sana. Kuoza kwa atomu hutokea kwa bahati nasibu, na kifaa kidogo cha nyumbani, katika chumba chenye radoni kidogo, huweza kuhesabu chembe chache tu kwa saa. Kifaa kikihesabu chembe 16, kosa la kibahati pekee ni takribani 4, yaani robo nzima; kikihesabu 400, kosa hushuka hadi karibu 20, yaani asilimia 5. Ndiyo sababu tarakimu ya saa za kwanza haifai kutegemewa, na ndiyo sababu tarakimu ya usiku inaweza kuwa 210 na ya mchana 60 bila kifaa kuwa kibovu. Sehemu ya tofauti hiyo ni bahati nasibu ya hesabu na sehemu ni mabadiliko halisi ya gesi. Angalia wastani wa wiki, kisha wa mwezi, na uzuie mkono wako usifungue programu ya simu kila baada ya dakika tano. Uliza pia kifaa kilisahihishwa lini dhidi ya kiwango kinachojulikana.

Kipima mionzi cha kawaida cha Geiger, kile kinacholia kwa milio mifupi, hakipimi radoni ya chumbani. Vivyo hivyo vifaa vya kupima ubora wa hewa kwa jumla haviioni gesi hii isipokuwa vimeandikwa waziwazi kwamba vina kihisio cha radoni.

Kukiweka mahali pake

Chagua chumba ambacho watu hukaa kwa saa nyingi katika ghorofa ya chini kabisa inayotumika. Chumba cha kulala ndicho bora, kwa sababu mtu hupitisha humo theluthi ya maisha yake mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa na vigunduzi viwili, kimoja kiwe chumba cha kulala na kingine sebuleni. Jikoni na bafuni pasitumike, kwa sababu ya mvuke na feni za kutoa hewa. Kabati na stoo zisizoingiwa na watu nazo zisitumike, maana zitatoa jibu la mahali ambapo hakuna anayepumua.

Kigunduzi kikae angalau nusu mita kutoka sakafuni, katika kimo ambacho watu huvuta pumzi wakiwa wameketi au wamelala. Kisogezwe angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa nje na sentimita 90 kutoka dirisha au mlango unaotoka nje. Kiwe sentimita 10 hivi mbali na vitu vingine ili hewa izunguke. Kisipigwe na jua, kisiwe juu ya runinga au kitu kingine chenye joto, wala kisiwe mbele ya kiyoyozi au feni. Rafu iliyo wazi au meza ndogo kando ya kitanda hufaa. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kukining'iniza kwa uzi kutoka darini, maadamu kimo kinabaki kilekile cha kupumulia.

Kigunduzi cha nyayo za alfa huja kikiwa kimefungwa katika mfuko usiopitisha radoni. Usiufungue mpaka siku ya kuanza, kwa sababu kinaanza kuhesabu mara tu kinapokutana na hewa. Andika tarehe na saa, namba ya kigunduzi, jina la chumba na ghorofa. Siku ya kumaliza andika tena tarehe na saa, kifunge kama maabara ilivyoelekeza na ukitume bila kuchelewa. Maabara hugawanya jumla ya nyayo kwa muda, hivyo tarehe iliyokosewa kwa wiki moja katika kipimo cha wiki 12 huleta kosa la takribani asilimia 8 bila mtu yeyote kulitambua.

Masharti ya namna ya kuishi wakati wa kupima hutegemea urefu wa kipimo. Katika kipimo kifupi cha siku mbili hadi saba, madirisha na milango ya nje ifungwe kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na ibaki imefungwa hadi mwisho, isipokuwa kuingia na kutoka kwa kawaida. Feni zinazoleta hewa ya nje zizimwe. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani kinaweza kuendelea. Usipime siku za dhoruba au upepo mkali, kwani mgandamizo wa hewa hubadilika na kuyumbisha jibu. Katika kipimo kirefu hakuna masharti hayo: ishi kama unavyoishi siku zote, maana hayo ndiyo maisha unayotaka kuyapima. Ikiwa huwezi kupima mwaka mzima, chagua miezi mitatu ambayo nyumba hufungwa zaidi, iwe kwa sababu ya baridi, mvua au kiyoyozi, ukijua kwamba jibu litaelekea juu ya wastani wa mwaka.

Anayepima nyumba nyingi katika jengo moja aongeze vigunduzi viwili vya kuhakiki. Kimoja akiweke sambamba na kingine katika chumba kimoja ili kuona kama majibu yanakaribiana, na kingine asikifungue kabisa bali akirudishe na vilivyotumika. Kile kisichofunguliwa kikileta jibu kubwa, kuna kasoro safarini, kwenye uhifadhi au maabara, na majibu yote yatazamwe upya.

Jibu likishafika

Jibu la kipimo kirefu lililo chini ya 100 halihitaji hatua ya haraka. Kati ya 100 na 300, inafaa kutafuta njia za kuingia za gesi na kuongeza mzunguko wa hewa huku ukilinganisha na kiwango cha nchi yako. Zaidi ya 300, rekebisha nyumba. Kwa kipimo kifupi, busara ni kutotenda kwa jibu moja. Kikitoa bekereli 148 au zaidi, rudia, ama kwa kipimo kirefu ama kwa kifupi cha pili, na uchukue wastani wa viwili. Kikizidi takribani 300, rudia mara moja kwa kipimo kifupi, kwa sababu kusubiri mwaka mzima hapo si uangalifu tena.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga apeleke jibu hilo kwa maandishi kwa mmiliki au uongozi wa jengo, pamoja na tarehe, mahali kigunduzi kilipowekwa na karatasi ya maabara. Sehemu kubwa ya marekebisho hufanyika chini ya sakafu ya jengo, mahali ambapo mpangaji mmoja hana mamlaka. Njia iliyothibitika zaidi ni kutoboa sakafu ya chini, kupitisha bomba na kuweka feni inayofyonza hewa ya udongoni na kuitupa juu ya paa kabla haijaingia ndani. Kuziba nyufa kunasaidia, lakini kukifanywa peke yake mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa gesi hutafuta ufa unaofuata.

Kazi hiyo ikishakamilika, acha feni ifanye kazi kwa angalau saa 24 kabla ya kupima tena kwa muda mfupi, kisha weka kigunduzi cha muda mrefu mahali palepale kilipokuwa cha kwanza, ili majibu mawili yaweze kulinganishwa. Rudia kila baada ya miaka miwili, na kabla ya hapo ikiwa umebadilisha madirisha, umevunja sakafu, umeweka kiyoyozi kipya au umeanza kukitumia kama chumba cha kulala chumba cha chini ambacho zamani kilikuwa stoo. Karatasi za majibu yote zitunzwe pamoja na hati za nyumba, na anayehamia baada yako akabidhiwe.